Fisi Aliyeshonwa Mdomo

Koti lilikuwa moja, mikono iliyoling'ang'ania ilikuwa minne.

"Dada, mimi ndiye niliyelishika kwanza."

"Kaka, wewe umeshika mkono wa koti. Koti lenyewe ninalo mimi."

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, soko la mitumba lilikuwa limefurika. Wauzaji wamepanda juu ya meza wanapiga makofi, watu wanapigana vikumbo, jua limeshaanza kuchoma visogo. Na hilo koti, jamani, lilikuwa la manyoya bandia, la kahawia lenye madoa meusi, zito, laini, koti la kumfanya mtu atembee katikati ya barabara magari yakampisha. Upande mmoja alilishika binti wa miaka ishirini na sita, gauni la njano, raba nyeupe, hereni kubwa kama bangili. Ofisini kwao walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na kazi yake ilikuwa kusimulia hadithi mashuleni. Upande wa pili alikuwa kijana mrefu mwenye shati la buluu lililopauka, mkasi umechomoza mfukoni, vidole vimejaa gundi iliyokauka.

"Unalitakia nini?" Chiriku akamuuliza. "Halikuingii hata kwa dawa."

"Sitalivaa. Nitalikata."

Chiriku akalivutia kifuani kama anaokoa mtoto. "Utalifanya nini?"

"Nitalikata. Nataka ngozi ya mnyama. Natengeneza vikaragosi, wale wanasesere wa kuvaa mkononi ukawasemesha."

"Koti zuri hivi ulichinje?"

"Dada, humu ndani yumo mnyama. Wewe unaona koti tu."

Sasa mtu akikwambia neno kama hilo katikati ya mitumba, unafanyaje? Chiriku akaligeuza koti, akamtafuta huyo mnyama. Muuzaji akachoka nao, akawaambia wagawane au waondoke. Basi wakagawana: Chiriku achukue kiwiliwili, kijana achukue mikono. Kijana akalitandaza mezani, akachomoa mkasi, akaanza kukata kwenye mshono, bila kupima, bila kuchora, taratibu, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Chiriku akaiangalia ile mikono yenye gundi inavyokwenda. Hapo ndipo alipokwisha.

"Jumatatu unafanya nini?" akamuuliza.

"Nilichofanya Ijumaa."

"Basi usikifanye. Njoo ofisini kwetu. Tuna hadithi, hatuna wanyama."

Mradi wao uliitwa Kila Nyumba na Hadithi Yake. Mji ule ulikuwa na watu wa kila upande, darasa moja unakuta lugha nane za nyumbani, na watoto wenyewe wanaona haya kuzisema. Chiriku alikuwa anakwenda kwa wazazi, anaketi nao jikoni, sebuleni, popote, anapewa hadithi ya kwao kwa lugha ya kwao. Shuleni anaisimulia kwa Kiswahili, lakini wimbo ulio ndani ya hadithi haubadilishwi, unaimbwa vilevile ulivyotoka nyumbani. Na kulikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa. Kabla wanafunzi hawajaisikia hadithi, inarudishwa kwanza kwa mwenyewe. Anasimuliwa yeye, peke yake. Akisema "hii ni yangu", ndipo inakwenda darasani, na tangu yule kijana aje, ndipo kikaragosi anakatiwa mdomo. Kabla ya hapo kikaragosi anakaa na macho yake na masikio yake, mdomo hana.

Yule kijana, ambaye sasa kila mtu alimwita Fundi, aliupenda utaratibu huo siku ileile alipoelezwa. Na aliyemweleza akampenda zaidi. Haikufika mwezi wa pili, simu zikaanza.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko na kobe. Bado hana mdomo."

"Bahati yako. Angekwambia kuna mtu hapa hajala tangu asubuhi."

"Huyo mtu ana mdomo wa kuwatosha watu wanne. Hawezi kufa njaa."

"Fundi, usinichokoze. Unakuja au huji?"

"Nakuja, kipenzi changu. Nimebeba chakula, nimebeba na kobe."

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akisikia upande mmoja tu wa mazungumzo hayo, siku moja akamuuliza, "Hivi huyo mwenzio anaongea saa ngapi?"

"Mimi nikivuta pumzi."

"Basi huyo muoe wewe mwenyewe, usimsubiri."

Mwezi wa tano wakapelekwa kwenye shule moja kubwa ya ghorofa mbili, yenye ukumbi wa viti vya kukunja na maua yaliyopangwa kwa rula. Wakapewa stoo ya chini wafanyie kazi, katikati ya ndoo na mifagio. Stoo hiyo ilikuwa ya mama wa usafi, mwanamke mwembamba, gauni la kazi la kijani, kilemba cheupe kama kimetoka kufuliwa dakika hiyo. Alikuwa na binti yake darasa la nne, shule hiyohiyo. Lugha ya kwao hakuna mwingine shuleni aliyeijua, ila yeye na huyo mwanawe.

Ndiye aliyewapa hadithi ya fisi. Zamani, alisema, fisi hakuwa na kicheko. Wenzake wakicheka yeye anakodoa macho. Basi akaenda nyumba hadi nyumba kuomba aazimwe, na kila nyumba ikampa kidogo: huku cha mzee asiye na meno, kule cha bibi harusi, pale cha mtoto anayetekenywa. Na kila mlangoni kulikuwa na wimbo, fisi anaimba, wenye nyumba wanaitikia. Ndiyo maana mpaka leo fisi akicheka unasikia kama ni ukoo mzima.

Chiriku aliporudisha hadithi hiyo kwa mwenyewe, mama wa usafi alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Hii ni yangu," akasema. Fundi akachukua fisi wake, aliyemshona kwa ile mikono miwili ya koti, akamkatia mdomo kutoka sikio hadi sikio.

Onyesho lilikuwa Ijumaa, na wageni wa ofisi ya elimu wamealikwa. Jumatano mchana Chiriku alipanda ukumbini kujaribu kipaza sauti, akamkuta Mwalimu Mkuu, suti ya kijivu, tai imekaza mpaka shingo imefanya mikunjo.

"Ile hadithi ya tatu, ya fisi, tumeiondoa," Mkuu akasema, kama mtu anayesema mvua imekatika. "Lugha yenyewe haieleweki, na wageni wanakuja kuiona shule, hawaji kuona stoo. Nimemwambia fundi wako tangu asubuhi. Hakubisha. Kijana msikivu sana."

Chiriku alishuka ngazi hizo bila kuzigusa. Stooni akamkuta Fundi ameinama, na mezani amelala fisi, mdomo umeshonwa. Uzi mweusi, mishono midogomidogo, safi, kutoka sikio hadi sikio.

"Fundi. Hii ni nini?"

"Uzi."

"Uzi nauona. Nani ameupitisha?"

"Mimi."

"Mkuu amesema, na wewe ukachukua sindano."

"Sivyo unavyofikiri."

"Basi niambie nifikirije."

Fundi akaokota kipande cha uzi, akakizungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole ikavimba. "Siwezi kukwambia. Nimeahidi. Niamini mpaka Ijumaa, basi."

"Nikuamini. Mwanamke amekaa hapa, amecheka mpaka amelia, amesema hii ni yangu. Wewe mwenyewe umekata huo mdomo, mimi nikiangalia. Leo mwenye tai amekohoa tu, umeufunga. Wewe si fundi wetu, wewe ni mtu wa Mkuu."

Uso wa Fundi ukabadilika, lakini sauti haikupanda. Akachukua mkasi wake, akautia mfukoni.

"Ukimaliza kunitukana," akasema, "dirisha la nyuma halifungi vizuri. Lisukume kwa bega."

Akaondoka. Chiriku akabaki na fisi, wanaangaliana.

Akampigia dada yake simu, akaongea dakika kumi bila nukta. Mkuu hivi, Fundi vile, wanaume wote, tai zote, suti zote za kijivu duniani.

"Umemaliza?" dada akauliza.

"Bado."

"Subiri kidogo. Yule mama anajua kwamba hadithi yake imetolewa?"

Chiriku akamgeukia fisi, kana kwamba yeye ndiye aliyeulizwa.

"Mdogo wangu, mdomo wa kwenda kwa Mkuu unao. Miguu ya kwenda kwa mama huna?"

Alhamisi asubuhi Chiriku alimkuta mama wa usafi anapiga deki ngazi za ghorofa ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu. Kanyaga pembeni, hapa bado pabichi."

Chiriku akaketi kwenye ngazi kavu. "Mama, nimekuja kukurudishia hadithi yako. Kesho haitasimuliwa, wameiondoa. Nimeona nikupe mwenyewe, kwa mdomo wangu, isije ikapotelea humu."

Mama akaendelea kupiga deki. Basi Chiriku akaanza, pale pale, bila fisi, bila ngoma, bila mtu. Fisi akaondoka kwake. Fisi akafika kwa mzee asiye na meno. Akaimba wimbo wa lugha ya kigeni kwake, ulimi unamkwama. Akafika kwa bibi harusi, akafika kwa mtoto anayetekenywa, akaanza kurudi porini.

Ufagio wa deki ukasimama.

"Umeipita nyumba ya mjane."

"Samahani mama. Leo kichwa changu hakipo."

"Ile haipitwi." Mama akausimamisha ufagio ukutani. "Mjane anamwambia, mimi nimebakiwa na kimoja tu, kidogo, nakificha chini ya mto wa kulalia. Halafu anampa hichohicho. Ukiipita hiyo umesimulia nini? Umesimulia mnyama anayetembea." Akaketi ngazi ya chini yake, akakunja gauni la kazi. "Hawakuiondoa wao. Mimi ndiye niliyeichukua."

"Mama?"

"Mkuu aliniita Jumanne. Akasema mwanangu atachekwa. Akaniuliza mkataba wangu unaisha lini, na yeye anajua kuliko mimi kwamba ni mwezi ujao. Nikashuka nikamwambia fundi amfunge yule fisi. Nikamwapisha asikwambie. Wewe ungepanda ngazi hizi tatu tatu, ukamvue Mkuu tai."

"Ningemvua kweli."

"Si ndiyo hivyo."

Chiriku akafunika uso kwa viganja. Akayasikia maneno yote aliyoyasema stooni, moja moja, kwa sauti yake mwenyewe.

"Mwanangu akinikuta kwenye korido," mama akaendelea taratibu, "anaangalia viatu vyake. Simlaumu. Nikasema basi, nisimwongezee. Lakini nimekusikia sasa hivi unaipita nyumba ya mjane, na wewe unaipenda hadithi hii. Asiyeipenda ataisimuliaje? Na yeye, mwanangu, ataisikia wapi ikiwa nzima?" Akasimama, akachukua ufagio wake. "Kesho ni saa ngapi?"

"Saa nne. Mama, mimi sikuja kukuomba."

"Nimeona hukuniomba. Toa miguu, nimalizie hapo."

Chiriku alimpigia Fundi akiwa bado kwenye ngazi hizohizo.

"Nani mwenzangu?"

"Fundi, usinifanyie hivyo. Namba yangu umeifuta?"

"Sikuifuta. Nimeibadilisha jina."

"Umeniandika nani?"

"Mwenye Matusi."

"Nimestahili. Mama ameniambia yote. Uliniambia umeahidi. Ulisema kwa mdomo wako, nikasikia nilichotaka mimi. Nisamehe."

Upande wa pili kikasikika kitu kama pumzi, kama kicheko kilichokosa njia. "Dirisha ulilisukuma?"

"Nililisukuma. Bega linauma mpaka sasa."

"Vizuri."

"Umenisamehe?"

"Nusu. Nusu nyingine nataka kukuona usoni. Mama ameamua nini?"

"Atasimulia mwenyewe."

"Mwenyewe? Mbele ya Mkuu?"

"Mbele ya Mkuu, mbele ya wageni, na mbele ya mwanawe."

"Basi nakuja na mkasi," akasema Fundi.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wageni mstari wa mbele, chupa za maji mkononi, wanafunzi nyuma yao wamekaa watatu kwenye viti viwili. Chiriku alikuwa amevaa gauni jekundu, na juu yake kile kiwiliwili cha koti la madoa, hakina mikono, kinamkaa kama kimezaliwa naye. Alisimulia hadithi ya kwanza, akasimulia ya pili, kobe akapigiwa makofi. Mkuu akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti.

"Tunawashukuru sana wageni wetu. Mpaka hapo programu imekwisha."

"Mwalimu Mkuu," Chiriku akasema, kwa sauti ile ya kusimulia inayofika mpaka ukutani bila kipaza sauti, "programu yako imekwisha. Ya kwetu imebaki moja."

Ukumbi wote ukageuka, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka. Mama wa usafi akaingia. Hakuvaa nguo ya sherehe. Alivaa gauni la kijani la kazi na kilemba cheupe, akapita katikati ya viti, na viatu vyake vya mpira vikilia kwenye sakafu aliyoipangusa mwenyewe alfajiri ya siku hiyo, mpaka jukwaani. Mkuu akamshika Chiriku kiwiko. "Dada, mteremshe huyo. Sasa hivi."

"Mteremshe wewe. Wageni wanaangalia."

Mkuu akawaangalia wageni. Wageni wakamwangalia Mkuu. Akaachia kiwiko.

Fundi akatoka nyuma ya pazia na fisi mkononi. Mbele ya watu wote akachomoa mkasi mdogo, akakata mishono mmoja mmoja, taratibu, ncha ya ulimi imetokeza pembeni, hana haraka hata kidogo. Uzi mweusi ukadondoka jukwaani. Akamvalisha mama fisi mkononi, akainamisha kichwa, akakaa sakafuni.

Mama akasimulia. Alipofika mlango wa kwanza akaimba wimbo kwa lugha ya kwao. Akanyamaza, akisubiri kuitikiwa. Hakuna aliyeitikia. Nani angejua? Mtu akacheka pembeni, kile kicheko cha puani. Mama akaimba tena. Kimya. Chiriku alifungua mdomo aitikie yeye, Fundi akamgusa mguu, akatikisa kichwa.

Mstari wa darasa la nne kiti kikakunjika kwa kishindo. Msichana mdogo alikuwa amesimama, sketi ya shule imepigwa pasi ikakaza, uso umemuiva. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Halafu akainua uso, akamwangalia mama yake, akaitikia. Neno kwa neno, kwa lugha ya kwao, sauti nyembamba isiyo na woga hata chembe.

Mlango wa pili wakaitikia wenzake wawili waliokuwa wamekaa naye. Mlango wa mtoto anayetekenywa liliitikia darasa zima, wamekosea maneno yote, hawajali. Na fisi alipofika kwa mjane, ukumbini ilisikika feni tu. Mmoja wa wageni wa ofisi ya elimu alivua miwani, akaanza kuipangusa kwa tai yake, na hakuacha kuipangusa mpaka mwisho.

Makofi yalipokwisha, Mkuu akawasubiri mlangoni. Hakupiga kelele. Aliwaambia tu kwamba mradi wao hautakanyaga tena shule ile, leo wala mwakani. "Tumesikia," akasema Chiriku. "Na hadithi nayo imesikika." Wakabeba maboksi yao wakatoka.

Nje ya geti, kwenye kivuli cha ukuta, wakaweka maboksi chini.

"Nimefukuzwa shule nikiwa mtu mzima," Chiriku akasema. "Hata nilipokuwa mwanafunzi hawakuwahi."

"Chiriku."

"Naam."

"Nataka nije kwenu na wazee wangu."

"Kufanya nini?"

"Unajua kufanya nini."

"Sijui. Sema. Wiki nzima unaniambia mambo kwa sindano."

Fundi akajifuta viganja kwenye suruali. "Nataka nikuoe. Nakupenda, na nyumba yangu ina ukimya mwingi kuliko ninavyouhitaji." Akamwangalia. "Lakini nina sharti. Siku nikikwambia niamini mpaka Ijumaa, uniamini."

"Nitakuamini mpaka Alhamisi."

"Chiriku."

"Alhamisi jioni. Fundi, nakwambia ukweli wangu wote huo, usinitake niwe malaika."

Fundi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akamshika mkono, na vidole vyake bado vina gundi. Kabla hajasema lingine geti likafunguka. Mama wa usafi akatoka na ndoo ya maji machafu, akayamwaga mtaroni.

"Nimeambiwa Jumatatu nifike ofisini kwa Mkuu," akasema.

"Tutakuja na wewe, mama," Chiriku akasema. "Akikugusa atatujua."

"Nyie mmefukuzwa, mtaingilia wapi? Mwanangu amesema atanisindikiza. Amesema atanishika mkono kutoka getini mpaka mlangoni, wakati wa mapumziko, wote waone." Akasema hivyo akiangalia ndoo, na midomo yake haikukaa sawa. Halafu akawaangalia hao wawili, mikono yao, maboksi yao, na uso wa kijana ambao ulikuwa unasubiri. "Huyu amekuuliza kitu?"

"Ameuliza."

"Mjibu basi. Mimi nina ngazi za kumalizia."

"Ndiyo," Chiriku akasema, kwa sauti ile ya kufika ukutani. Ghorofa ya kwanza dirisha la ofisi ya Mkuu likafunguka, tai ikachungulia kujua kuna nini. Chiriku akainua uso, akalielekea lile dirisha, akalijibu na lenyewe.

"Nimesema ndiyo."